Wimbo wa Kuazima

Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Usemi huu ni wa kweli kwa mtu aliyeazima nguo ili apate kujivuna mbele za watu, kwa sababu mwenye nguo huweza kutokea njiani wakati wowote akaidai, na mwazimaji akabaki na aibu. Lakini iko nguo nyingine isiyotokana na pamba wala hariri, nayo ni wimbo. Mtu akipatwa na furaha kubwa au msiba mzito, aghalabu hukosa maneno yake mwenyewe. Basi huyaazima ya mtunzi akajifunika. Je, nguo ya namna hii husitiri au haisitiri? Swali hili lilimsumbua fundi cherehani mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja kwa muda wa miezi mingi, na habari yake yafaa kusimuliwa, maana swali lenyewe si lake peke yake.

Mke wa fundi huyo alifariki mwaka 2017, baada ya kuugua mwaka mzima. Walikuwa wamekaa pamoja miaka 31. Bibi huyo hakuwa mshonaji, lakini macho ya mumewe yalipoanza kufifia, yeye ndiye aliyemtungia uzi katika sindano. Kila asubuhi alitunga sindano kumi na mbili, akazichomeka katika kitambaa chekundu juu ya meza, kisha akaenda zake jikoni. Fundi alishona mpaka jioni bila ya kumwita. Baada ya msiba kitambaa chekundu kilibaki pale pale, na sindano zake zilikuwa tupu.

Wimbo uliomkaa fundi moyoni waliusikia wote wawili katika mwanzo wa ndoa yao. Jirani mmoja alikuwa na mashine ya video, na usiku wa Jumamosi watu wa mtaa walikusanyika uani kwake kutazama sinema. Huko ndiko walikoiona filamu iitwayo Highlander, iliyotolewa mwaka 1986 na mkurugenzi Russell Mulcahy. Kisa chake ni cha mtu wa Uskoti, Connor MacLeod, aliyezaliwa mwaka 1518. Alichomwa upanga vitani akatarajiwa kufa, asife. Watu wa ukoo wake wakamdhania mchawi, wakamfukuza. Akaenda kukaa milimani na mke wake, Heather. Kumbe alikuwa mmoja wa watu wachache wasiozeeka, wala wasiokufa ila kwa kukatwa kichwa. Mwalimu wake alimwonya amwache mwanamke yule mapema ili asije akaumia, naye hakukubali. Basi katika dakika chache za picha mke anazeeka, nywele zinageuka mvi, mwili unanyong'onyea, na mume anabaki kijana vile vile, mpaka mke anamfia mikononi. Picha hizo zinapopita, wimbo unaimbwa. Wimbo huo ni Who Wants to Live Forever, wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen.

Mke wa fundi alilia usiku ule, kisha akayacheka machozi yake. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimwambia mumewe kuwa mwanamke yule wa sinema alipata adhabu asiyostahili, kuzeeka peke yake mbele ya mume asiyezeeka. Akaomba Mola awazeeshe pamoja. Dua hiyo ilipokewa; walizeeka pamoja. Kufa pamoja hawakuomba, na hawakupewa.

Baada ya arobaini fundi alipata tabia mpya. Mteja wa mwisho akiondoka, alifunga mlango nusu, akauchezesha wimbo ule katika simu yake, akausikiliza kwa sauti ya chini mpaka ukaisha, ndipo akaenda nyumbani. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini alichokielewa kilimtosha. Aliamini kuwa mtunzi wa wimbo ule alikuwa amemzika mkewe. Hakuambiwa hivyo na mtu; aliamini tu, kama msafiri aaminivyo kuwa aliyeketi ubavuni pake anakwenda anakokwenda yeye. Imani hiyo ilimpunguzia upweke. Ilimpa mwenzake katika msiba, ingawa mwenzake huyo hakumjua.

Mambo yakawa hivyo mpaka binti wa ndugu yake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipokuja likizo. Binti huyo alipenda sana habari za muziki na sinema. Jioni moja alifika dukani, akamkuta ami yake anasikiliza.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Binti alikaa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wimbo huu mzuri sana, Ami. Uliagizwa kwa ajili ya filamu."

Fundi aliuliza, "Aliyeutunga alifiwa na nani?"

"Hakufiwa, Ami. Mtunzi ni Brian May, mpiga gitaa wa bendi. Alionyeshwa vipande vya filamu kabla haijamalizika, akaanza kuutunga ndani ya gari alipokuwa akirudi nyumbani."

Fundi hakujibu neno. Aliichukua simu yake, akaitia mfukoni. Kwa nje hakuonyesha dalili, lakini ndani alihisi kama mtu aliyepewa mkono wa pole, kisha akagundua kuwa mtoa pole alilipwa.

Binti hakujua alilolifanya, na kwa furaha ya ujana akaendelea kumweleza habari za bendi ile jioni hiyo na jioni zilizofuata. Queen ilianzishwa London mwaka 1970 na Brian May, mpiga ngoma Roger Taylor na mwimbaji Freddie Mercury. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, aliingia mwaka 1971. Mwimbaji huyo fundi alimjua kwa sifa, kama wamjuavyo watu wote wa Mji Mkongwe, maana alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi ambaye baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza. Alipelekwa kusoma Bara Hindi, akarudi, na mwaka 1964, baada ya mapinduzi, akaondoka pamoja na wazazi wake kwenda Uingereza. Fundi alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Huenda walipishana katika kichochoro kimoja. Huenda hawakupishana kabisa.

Urafiki wa Queen na sinema ulikuwa wa zamani kuliko Highlander. Hata majina ya albamu zao mbili, A Night at the Opera ya mwaka 1975 na A Day at the Races ya mwaka 1976, yaliazimwa katika filamu za vichekesho za ndugu Marx wa Marekani. Mwaka 1980 walitunga muziki wa filamu ya Flash Gordon, kisa cha shujaa wa angani aliyechorwa kwanza katika magazeti ya Marekani mwaka 1934. Kazi ile ilikuwa ya ufundi hasa. Katika albamu nzima ni nyimbo mbili tu zenye maneno kamili ya kuimbwa. Vilivyobaki ni vipande vya muziki vilivyokatwa kwa kipimo cha picha, na ndani yake yametiwa maneno ya waigizaji. Kwa miaka mingi bendi hiyo ilikuwa imejifaharisha, kwa maandishi juu ya majalada ya santuri zake, kuwa haikutumia vinanda vya umeme vya kuunda sauti. Sasa ilivitumia kwa wingi, kwa sababu safari ya angani ilivihitaji. Mwenye kushona kwa kuagizwa hufuata mwili wa mteja, wala hafuati mazoea yake.

Katika Highlander waliagizwa tena, na kila mwanamuziki alishikwa na jambo lake. Mercury alitunga Princes of the Universe, wimbo wa kuifungua filamu. Taylor aliyachukua maneno machache yanayosemwa na Connor akayageuza kuwa A Kind of Magic, na jina hilo likawa jina la albamu yao ya mwaka 1986. Deacon alitoa wimbo wa mapenzi. May alishikwa na kifo cha Heather. Muziki wa okestra ulipangwa kwa msaada wa Michael Kamen, ambaye ndiye aliyetunga muziki mwingine wa filamu. Katika albamu May mwenyewe huuanza wimbo wake kwa sauti nyembamba ya mtu asiyezoea kuongoza, ndipo Mercury anapoupokea na kuupandisha.

Ziko pia nyimbo ambazo hazikutungwa kwa ajili ya sinema, bali sinema ilizifuata. Bohemian Rhapsody ulitolewa mwaka 1975, ukiwa na urefu wa karibu dakika 6, na ulikaa juu ya orodha ya Uingereza kwa majuma 9. Ndani yake limo neno la Kiarabu ambalo watoto wengi wa Pwani hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani, na haishangazi kuwa mwimbaji aliyezaliwa Unguja alilijua. Mwaka 1992 wimbo huo uliazimwa na filamu ya kuchekesha ya Marekani, Wayne's World. Mchekeshaji Mike Myers alishikilia kuwa lazima utumike huo na si mwingine, na watazamaji wakaona vijana waliobanana ndani ya gari dogo wakiimba na kutikisa vichwa. Mwaka 1976 wimbo huo ulifika nafasi ya 9 Marekani. Mwaka 1992, miaka 16 baadaye, ulifika nafasi ya 2. We Will Rock You, wa mwaka 1977, uliazimwa mwaka 2001 na filamu ya A Knight's Tale, na watazamaji wa mashindano ya mikuki ya karne ya 14 wakaonekana wakiupiga kwa vishindo na makofi, kana kwamba ulitungwa zamani zao.

Mwisho zikaja zamu za sinema kutengenezwa kwa ajili ya nyimbo. Filamu iitwayo Bohemian Rhapsody ilitolewa mwaka 2018 kueleza maisha ya Mercury, na Rami Malek aliyemwigiza alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Filamu hiyo haikuonyesha uchochoro hata mmoja wa Unguja. Tena ilipindua mpango wa mambo: humwonyesha mwimbaji akiwaambia wenzake habari ya ugonjwa wake kabla ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, hali inajulikana kuwa ugonjwa huo ulithibitishwa baadaye. Wenye kutengeneza filamu walitaka nyimbo za siku ile zisikike kama za kuaga, na kwa ajili hiyo waliusogeza ukweli.

Fundi aliyasikia haya yote akiwa ameinamia cherehani. Binti aliyaona kuwa maajabu. Yeye aliyaona kuwa ushahidi wa daawa. Wimbo mmoja huagizwa kama suruali. Wa pili huazimwa kuchekeshea watu. Wa tatu hutungiwa uwongo ili ulize. Akajiambia kuwa alikuwa amelia kwa machozi ya dukani. Kwa miezi kadhaa hakuusikiliza tena wimbo ule. Alifunga mlango jioni, akaenda moja kwa moja nyumbani, na nyumba ikamwonea kubwa.

Siku moja, karibu na Idi, alikuja mwanamke mmoja mjane na mwanawe wa umri wa miaka 11. Alikuwa na kanzu ndani ya mfuko. Alisema kuwa ilikuwa ya marehemu mumewe, na anataka ipunguzwe ili mtoto aivae siku ya sikukuu. Fundi aliikunjua juu ya meza, akaitambua mara moja. Aliishona yeye mwenyewe. Aliujua mshono wake wa shingoni kama mtu ajuavyo mwandiko wake. Lakini mwenye kanzu alimkumbuka kwa shida. Alikuwa mteja kama wateja wengine: alikuja, akapimwa, akalipa nusu, akarudi baada ya juma akalipa nusu iliyobaki. Siku ile fundi alikuwa na wasiwasi wa kodi ya duka, na kanzu ile ilikuwa kodi. Hakuishona kwa mapenzi ya yule bwana, wala hakujua kuwa iko siku itakuwa kumbukumbu yake.

Alimpima mtoto, akafumua mishono, akakata mikono, akapandisha pindo. Nguo iliyokatwa kwa mwili mmoja ilipewa mwili mwingine. Kazi haikuwa nyepesi, kwa sababu mabega ya mtu mzima hayawi ya mtoto kwa kukatwa tu. Lazima fundi aangalie nini kiachwe. Darizi ya kifuani aliiacha kama ilivyokuwa.

Mjane aliporudi, mtoto aliivaa kanzu palepale dukani, akasimama wima kama wavulana wasimamavyo wakivaa nguo mpya. Mama alimtazama. Alinyosha mkono akaigusa darizi, akasema polepole, "Babaako huyu." Kisha akajifunika uso kwa ukaya, akalia. Fundi aligeuka upande wa ukuta kumpa nafasi, na alipogeuka ndipo lile swali lake lilipojibiwa.

Machozi ya mwanamke yule hayakuwa ya uwongo. Na kanzu ilikuwa ya kuagizwa, ya malipo, iliyoshonwa na mtu asiyempenda marehemu wala kumchukia, na ikafumuliwa na kukatwa kwa haja nyingine. Kama mjane angemuuliza fundi siku ile, "Ulikuwa na huzuni gani ulipoishona?" fundi angeona haya. Asingekuwa na jibu ila kwamba alipima vizuri na kushona kwa uaminifu. Lakini kwa kuwa alipima vizuri na kushona kwa uaminifu, kanzu iliweza kukaa mwilini mwa yule bwana mpaka ikawa sehemu ya sura yake machoni pa mkewe. Huzuni haikutiwa ndani ya nguo na fundi. Ililetwa na mvaaji, nayo ikapata mahali pa kukaa kwa sababu kazi ilikuwa njema.

Basi hivyo ndivyo ilivyo kwa wimbo. Lugha ya Kiswahili yenyewe haikuwatenganisha mafundi hawa wawili: atiaye uzi katika tundu la sindano hutunga, na apangaye maneno ya wimbo hutunga. Hatakiwi mtunzi awe amefiwa ndipo atunge wimbo wa mfiwa, kama vile hatakiwi fundi awe bibi arusi ndipo ashone nguo ya arusi. Linalotakiwa ni kuwa apime sawasawa. Brian May alionyeshwa mwanamke anayezeeka na mume asiyeweza kumfuata, akakipima kilio cha mtu huyo, na kipimo kilikuwa sahihi. Kwa sababu kilikuwa sahihi, kimewatosha wengi asiowaonyeshwa.

Wa kwanza kati yao ni mwimbaji mwenyewe. Mercury aliuimba wimbo ule kwa ajili ya mtu wa kubuni asiyeweza kufa. Tarehe 24 Novemba 1991 alikufa nyumbani kwake London kwa maradhi ya ukimwi, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa anayo, akiwa na umri wa miaka 45. Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake walifanya tamasha la kumkumbuka katika uwanja wa Wembley, na mwimbaji Seal akausimamisha wimbo ule pamoja nao. Hakuna aliyekuwa akimfikiria Mskoti wa mwaka 1518. Nguo iliyokatwa kwa mtu asiyekufa ilikuwa imemwenea mtu aliyekufa, na aliyeishona alikuwa jukwaani na gitaa lake, akiipiga kwa mara hii akiwa mfiwa kweli. Alitunga kwanza, akafiwa baadaye, utungo ulimngoja.

Kwa hiyo usemi wa wahenga haukuvunjwa, bali umepata mpaka wake. Nguo ya kuazima haimsitiri mwenye kujivuna, kwa sababu yeye huitaka ionekane. Mfiwa hataki kuonekana. Hutaka kufunikwa tu mpaka baridi ipite, na hakuna mtunzi mwema aliyewahi kuja njiani kumvua. Kadhalika filamu huweza kuuazima wimbo kwa kicheko, au kuusogezea ukweli, na wimbo usichakae. Kinachochakaa ni ile filamu, ikiwa haikupima.

Siku chache baada ya Idi binti alifika tena dukani kuaga, maana likizo yake ilikuwa inakwisha. Aliukuta mlango umefungwa nusu, na wimbo unaimba kwa sauti ya chini. Alisita kizingitini, asijue kama aingie au arudi. Fundi alimwashiria akae. Wimbo ulipokwisha, alimsogezea kitambaa chekundu chenye sindano tupu na kigurudumu cha uzi mweupe.

"Macho yangu hayaoni tena tundu," alisema. "Nitungie, mwanangu."

Binti alilowesha ncha ya uzi, akaanza. Alitunga sindano zote kumi na mbili, akazichomeka moja moja mahali pake, wala hakuambiwa ni nani aliyekuwa akiifanya kazi ile kabla yake.